SOMO: Mbwa uliyemwokoa mtaani anakuogopa? Pitia hapa kabla ya kuuliza

Kila wiki swali ni lile lile: "Nimemchukua mbwa wa mtaani, hataki kunisogelea, nifanyeje?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Dokta wa mifugo kwanza: chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kupe.

2. Mpe kona tulivu, mbali na geti na njia ya watu. Gunia la kulalia na maji. Usimfunge mnyororo: mbwa mwoga asiye na pa kukimbilia amebakiwa na meno tu.

3. Siku 3 za mwanzo usimfundishe chochote. Weka chakula saa zile zile, ondoka. Geti lifungwe muda wote, maana akitoroka sasa hajui pa kurudi.

4. Kumtupia nyama. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndipo wengi wanapoharibu. Kosa ni hili: badala ya kumtupia, unashika kipande mkononi, unamwita, unangoja achukue. Njaa inamvuta, woga unamrudisha; ananyoosha shingo huku miguu ya nyuma imebaki kule kule. Nyama ikiisha anashtuka kujikuta yuko karibu nawe, anaruka nyuma au anauma. Kesho atasimama mbali kuliko jana, na nyama yenyewe ameanza kuitilia shaka.

Fanya hivi. Chemsha kidari cha kuku bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), katakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Kaa chini, umpe ubavu, usimkodolee macho. Anzia umbali ambao bado anakula. Kama ni mita 5, iwe mita 5. Tupa kipande NYUMA yake. Anakwenda kula, anapata nafuu kwa kuwa amekuwa mbali nawe, kisha anageuka na kusogea kwa hiari yake. Tupa tena nyuma yake. Vipande 10 hadi 15, basi, uondoke yeye bado anataka. Mara 2 au 3 kwa siku.

ONYO: akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akionyesha weupe wa macho au akiganda, umemkaribia mno. Rudi nyuma.

5. Kumgusa ni pale anapokuja mwenyewe na kukunusa. Gusa kifua kwa sekunde 3, ondoa mkono. Akijisogeza, endelea. Akigeuza kichwa, acha. Mkono usipite juu ya kichwa chake.

6. Kola na kamba baada ya hapo, mkianzia uani.

MASWALI

— Wangu ananguruma. Nikimchapa kidogo si ataacha?
Ataacha kunguruma, woga utabaki. Siku nyingine atauma bila kukuonya. Usimchape.

— Siku ya pili leo, nampa mkononi hachukui.
Mkononi, tena siku ya pili? Rudi hatua ya 3, kisha ya 4.

— Mkuu, mke wangu ameshamzoea, mimi akiniona tu anajikojolea. Sijawahi kumpiga.
Asante kwa kueleza vizuri. Huo mkojo ni woga, si jeuri, kwa hiyo usimkaripie. Mbwa wengi wa mtaani huwahofia zaidi wanaume: sauti nzito, hatua nzito, kofia, kitu mkononi. Vua kofia na buti, usimwinamie. Chakula cha jioni ukiweke wewe na uondoke bila kusema neno. Unapopita karibu na kona yake, dondosha kipande bila kusimama wala kumtazama. Akianza kutokeza akisikia hatua zako, ingia hatua ya 4.

— Amenichubua kwa meno, damu kidogo tu. Nipake spiriti?
Osha sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha hospitali leo hii uwaambie umeumwa na mbwa. Usisubiri kuona dalili, kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua.

— Kuku bei imepanda. Dagaa wanafaa?
Wanafaa sana, harufu yao inamvuta mbwa. Wakavu wasio na chumvi, watoe mchanga, chemsha, chuja. Tupa mmoja mmoja.

— Naongezea: maini ya ng'ombe yakichemshwa kisha yakakaushwa taratibu juu ya mkaa hayachafui mfuko. Ila kidogo, yakizidi anaharisha.
Kweli. Na ukate ukiwa umeyapoza, yakiwa moto yanamomonyoka.