SOMO: Jinsi ya kumfundisha na kumpima msimamizi wa wahudumu wa kiroho, hatua kwa hatua

Habari zenu wapendwa. Nimeulizwa sana kuhusu kuandaa wasimamizi, na hapa siongelei wahudumu wa kiroho wanaokaa na wagonjwa, naongelea wale wanaowafundisha hao wahudumu, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja mana hili jambo tunalichukulia poa mno. Mtu akishaonekana ni mhudumu mzuri anapewa wanafunzi na tunasema mengine atajua hukohuko. Hapana jamani. Kumsikiliza mgonjwa ni kazi moja, kumfundisha mwenzio amsikilize mgonjwa ni kazi nyingine kabisa, na hii ya pili nayo ina mafunzo yake na mtihani wake.

Kwa walio wageni kidogo kwenye hii fani, mafunzo ya kivitendo ya wahudumu wa kiroho yalianza Marekani, kiangazi cha 1925, mchungaji Anton Boisen alipowapeleka wanafunzi wanne wa theolojia kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Boisen mwenyewe alishalazwa kwa ugonjwa wa akili mwaka 1920, kwa hiyo alikuwa anajua anachokiongea aliposema mtu anayeteseka asomwe kwa umakini uleule tunaosomea maandiko. Baadaye vikundi mbalimbali vikaungana 1967 kuwa chama kimoja cha mafunzo haya kinachoitwa ACPE, ambacho hadi leo kinathibitisha wasimamizi kule. Yuniti moja (yaani awamu moja kamili ya mafunzo) kwao haipungui masaa 400, angalau 100 ni ya mafunzo yaliyopangwa, ya kikundi na ya mtu mmoja mmoja, na mengi yanayobaki ni huduma yenyewe. Nayataja hayo masaa kwa sababu moja: kujifunza kunatokea pale mwanafunzi anapotoka kitandani kwa mgonjwa akarudi kukaa na msimamizi, na kama msimamizi hajui afanye nini hapo, hata ukiongeza masaa mara mbili hupati kitu.

HATUA YA 1: Chagua mtu sahihi

Usimchague anayesifiwa na wagonjwa kuliko wote halafu ukaishia hapo. Awe mhudumu mzuri, ndio, hilo ni lazima, lakini unatafuta na kitu cha ziada. Mpe vabatimu ya mtu mwingine (vabatimu ni yale maandishi ambayo mwanafunzi anaandika mazungumzo yake na mgonjwa neno kwa neno kadiri anavyokumbuka), asome mbele yako kisha mwambie aongee. Sikiliza anamuongelea nani. Wengi wataanza na mgonjwa moja kwa moja, "huyu mama ana uchungu na mwanae, mimi ningemuuliza hivi na hivi". Yule unayemtafuta atasema kitu kuhusu aliyeandika, mfano "huyu kila mgonjwa akitaja kifo yeye anabadilisha mada, sijui kinamtisha nini". Huyo mchukue.

HATUA YA 2: Aandike anaamini nini

Kabla hajapewa wanafunzi aandike misimamo yake kwenye maeneo matatu: imani yake inasemaje kuhusu binadamu na mateso, anaelewaje binadamu anavyokua na kuumbika kitabia, na anaamini mtu mzima anajifunzaje. Asinakili vitabu. Ukisoma weka alama kila sentensi inayoahidi tendo. Kaandika "naamini mwanafunzi ana majibu ndani yake"? Sawa, ikunje uiweke, utaitoa siku ya kumpima.

HATUA YA 3: Aangalie, ashike pamoja nawe, kisha ashike peke yake

Hapa siongei sana. Kwanza anakaa kwenye vikao vyako ananyamaza, halafu mnasimamia wote wawili, mwisho anabaki na wanafunzi wake yeye na kikao kinarekodiwa kwa video. Kosa la kawaida ni wakufunzi (yaani sisi tunaowaandaa wasimamizi) kuruka hatua ya katikati kwa sababu kuna uhaba wa wasimamizi, matokeo yake mtu anakutana na hasira ya mwanafunzi kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, na hapo anaunda tabia ya kujilinda ambayo itakuchukua muda mrefu kuja kuitoa.

HATUA YA 4: Usimamizi wa usimamizi

Hapa ndo penyewe, naomba msome taratibu.

Mkikaa na rekodi kuna watu watatu wa kuwaangalia kwa pamoja: mgonjwa, mwanafunzi, na msimamizi mtarajiwa aliyekaa na wewe. Na kuna jambo ambalo Harold Searles, mtaalamu wa magonjwa ya akili, alilieleza mwaka 1955, kwamba yanayotokea kati ya mgonjwa na anayemhudumia huwa yanajirudia kati ya huyo anayehudumia na msimamizi wake bila wao kujua. Nitawapa mfano wa kutunga ila unafanana na vikao vingi.

Vabatimu inasema:
Mgonjwa: Naona Mungu kanisahau.
Mwanafunzi: Hapana mama, Mungu hamsahau mtu. Tuombe?

Wakaomba, mgonjwa akasema asante, akageukia ukutani. Sasa mwanafunzi kaja kwenye kikao, video inamuonesha ameinamisha kichwa:
Mwanafunzi: Nahisi nilimuangusha yule mama.
Msimamizi mtarajiwa: Hapana bwana, ulifanya vizuri, uliomba naye. Tuangalie sehemu inayofuata.

Mmeona? Mama kasema neno zito kafunikwa. Mwanafunzi kaja na neno zito naye kafunikwa, kwa sentensi inayoanza na "hapana" ileile. Na sasa angalia hatari ya tatu, ambayo ni wewe mkufunzi, mana mtarajiwa akikwambia "naona sifai hii kazi" mdomo wako utakuwa tayari umeshafunguka kusema "hapana, unafaa sana". Nyamaza. Muulize "kilichokufanya uone hufai kilianzia dakika gani ya hiyo video?" Arudishe, asimamishe pale, aseme alihisi nini mwilini. Mara nyingi atakwambia aliogopa mwanafunzi atalia. Basi hapo umefika, mana huyo mwanafunzi naye aliogopa mama atalia, na sasa mtarajiwa anajua kwa kuhisi, wala sio kwa kuambiwa, kwanini mwanafunzi wake alikimbilia sala. Wiki ijayo anarudi kwa mwanafunzi na swali moja tu, ulikuwa unaogopa nini pale, na mwanafunzi akishalijibu ana nafasi ya kurudi kwa mgonjwa akiwa na masikio tofauti.

Na sisemi sala ni mbaya, msije mkaninukuu vibaya. Sala iliyokuja baada ya mama kusikilizwa ni jambo jingine kabisa na ile iliyokuja ili mama anyamaze.

Makosa mengine utakayoyakuta kwenye rekodi: mtarajiwa kumhudumia mgonjwa kupitia mgongo wa mwanafunzi ("kesho nenda umwambie hivi"), kugeuza kikao kuwa mahubiri, na lile la kumgeuza mwanafunzi kuwa mgonjwa wake, anaanza kumchimba utoto wake saa nzima. Maisha ya mwanafunzi yanaguswa pale tu yanapoingia kwenye huduma. Akihitaji zaidi ya hapo aelekezwe kwa mshauri nasaha, asiwe msimamizi huyohuyo.

HATUA YA 5: Kikundi

Mtarajiwa anayeweza kukaa na mtu mmoja vizuri anaweza kupotea kabisa kwenye kikundi. Angalia kama anaona aliyenyamaza, kama wawili wakitofautiana anakimbilia kuwapatanisha kabla hawajamaliza kuongea, na kama anapokosolewa na kikundi anaweza kusema "endelea, nakusikia" bila kujitetea.

HATUA YA 6: Mipaka ambayo haina mjadala

Majina ya wagonjwa na kila kinachowatambulisha vinaondolewa kwenye vabatimu kabla haijasomwa. Kinachorekodiwa ni kikao cha usimamizi na wanafunzi wanatoa ridhaa kwanza, hamna kwenda na simu kitandani. Msimamizi hamsimamii ndugu yake wala mtu wanayedaiana. Hamna mapenzi na mwanafunzi, hata akikubali, mana msimamizi ndo anaandika ripoti ya mwanafunzi na hapo kukubali kunakosa uhuru. Na ikionekana mgonjwa anaweza kujidhuru, usiri wa kikao hauzuii kutoa taarifa kwa wahusika wa matibabu kwa utaratibu wa sehemu husika, siku hiyohiyo. Mtarajiwa aulizwe haya kwa mifano, sio kwa kukariri.

HATUA YA 7: Kumpima

Kipimo kisikae kwenye hisia za mkufunzi. Kusanya ushahidi wa aina tatu: rekodi ambazo hakuzichagua yeye zote (achague mojawapo, nyingine uchague wewe), tathmini ambazo wanafunzi wake wanaandika kumhusu, na vabatimu za wanafunzi hao za mwanzo na za mwisho wa yuniti. Hiyo ya tatu wengi wanaisahau na kwangu ndo yenye uzito kuliko zote. Kama mwanafunzi mwanzoni alikuwa anakimbia kila neno zito na mwishoni bado anakimbia, basi msimamizi anaweza kuwa mpole na msomi lakini kuna kitu hakijafundishwa, itabidi mtafute ni kitu gani.

Tathmini za wanafunzi zikusanywe baada ya wao kupata ripoti zao, vinginevyo watamsifia tu.

Vigezo viandikwe kama matendo yanayoonekana. "Ana huruma" haipimiki. "Mwanafunzi akionesha hisia, anakaa nazo kabla ya kutoa ushauri" inaonekana kwenye video na watu wawili wanaweza kuikubali au kuikataa. Kisha jopo. Mkufunzi wake asiwe mpiga kura, atoe ripoti tu. Kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya kuongea, mana akianza kuongea mkubwa wengine wote wanafuata. Hapa ndo unatoa ile karatasi ya hatua ya 2: "uliandika mwanafunzi ana majibu ndani yake, kwenye dakika hizi kumi umempa majibu mfululizo, tueleze." Akiweza kulitazama hilo bila kulikana na bila kujiponda, hiyo ni dalili nzuri sana.

Uamuzi uwe wa aina tatu: amethibitishwa, aendelee na mafunzo kwa maeneo yaliyotajwa, au njia hii sio yake. Huu wa tatu usicheleweshwe. Kumvuta mtu miaka kwa sababu unamuonea aibu kumwambia ni kumdhulumu, na wanafunzi wake nao wanadhulumiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu shikamoo. Sisi tuko mkufunzi mmoja tu, jopo tutalipata wapi?

Jibu: Marahaba. Jopo sio lazima wote wawe wasimamizi. Tafuta mmoja anayejua kufundisha watu wazima, mmoja wa ushauri nasaha, mmoja mhudumu wa kiroho mzoefu kutoka sehemu nyingine, uwape vigezo na rekodi wiki moja kabla. Wanaweza kukaa kwa njia ya mtandao. Usilolifanya ni kumfundisha, kumpima na kumthibitisha wewe peke yako.

Swali: Mimi ni shehe na nimepangiwa kumsimamia mwanafunzi ambaye ni mchungaji, inafaa kweli? Naogopa kuonekana namuingilia imani.

Jibu: Inafaa shehe wangu, na ina faida zake. Humfundishi imani, unamfundisha kuona imani yake inafanya nini akiwa na mgonjwa. Muulize, "kwenye mafundisho yenu, mtu akisema Mungu kamsahau huwa anajibiwaje?" Hapo ana deni la kukueleza, na akieleza anajisikia mwenyewe. Wa dini moja huwa wanaruka hapo kwa sababu wanadhani wameshaelewana. Pale ambapo linahitajika jibu la mafundisho yenyewe, mwelekeze kwa viongozi wake.

Swali: Inachukua muda gani mpaka mtu athibitishwe?

Jibu: Miaka kadhaa, na hiyo ni baada ya kumaliza mafunzo ya uhudumu wenyewe. Inategemea zaidi anapata wanafunzi wangapi wa kuwasimamia kuliko kalenda. Mtu asiyekuwa na wanafunzi hapimiki, hata asome vipi.

Swali: Nimemwambia mtarajiwa wangu kwamba hajapita, akasema nina chuki naye na amewaambia na wengine. Nifanyeje?

Jibu: Pole dada. Kwanza usijibu hayo maneno ya pembeni. Muite, mpe vigezo vilivyoandikwa na dakika za rekodi zinazohusika, mwambie ana haki ya kukata rufaa na rufaa inapelekwa kwa nani, kwa maandishi. Mtu wa tatu awepo. Usianze kulegeza matokeo ili mpatane. Halafu jiangalie na wewe kama alikuwa anapewa mrejesho tangu katikati ya yuniti, mana kama mara ya kwanza kusikia hajafikia ni siku ya mwisho, malalamiko yake yana msingi hata kama alama ni sahihi.

Swali: Nina mwanafunzi ambaye vabatimu zake naona anazitunga. Mazungumzo yamenyooka mno, mgonjwa anaongea kama kitabu.

Jibu: Usianze na kumtuhumu. Vabatimu za kweli zina mikwaruzo, mgonjwa anaomba maji katikati ya sentensi, nesi anaingia, kuna sehemu mwanafunzi anaandika "hapa sikumbuki". Mwambie wiki hii alete ukurasa mmoja tu, dakika tano za mwisho za ziara, na aandike pembeni alichokuwa anawaza bila kukisema. Kukitunga ni kugumu kuliko kukisema kweli. Kama bado imenyooka, nenda naye ziara moja kwa ruhusa ya mgonjwa, kaa kimya, kisha wote wawili muandike kila mtu yake mzilinganishe. Ikibainika anatunga, hilo linakuwa suala la maadili, linaandikwa kwenye ripoti yake na mnaanza upya na ziara fupi fupi.