SOMO: Kufuatilia kiuagugu kinavyovunjika udongoni kwa kaboni-14 (soma lote ndipo uulize)

Wakuu salaam. Kila msimu wa tasnifu pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) naulizwa jambo lilelile kwenye ujumbe binafsi: nitajuaje kama kiuagugu kimevunjika udongoni? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Tuelewane kwanza. Dawa kutoonekana kwenye mashine si ushahidi kwamba imevunjika. Huenda imeng'ang'ania chembe za udongo na kiyeyushi chako kimeshindwa kuibandua. Kiuagugu glifosati ni bingwa wa mchezo huo. Ndiyo maana tunatumia dawa iliyotengenezwa na kaboni-14 (kaboni yenye mionzi) ndani yake: popote kaboni ile iendapo, mionzi inaisema.

1. Kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC). Bila hicho usiagize kitu.

2. Udongo: sentimita 20 za juu, chekecheo la milimita 2, ungali na unyevu. Usiuanike juani, utaua vijidudu vinavyofanya kazi yenyewe. Friji nyuzi 4, usivuke miezi 3.

3. Weka dawa kwa kipimo cha shambani. Asetoni ya kuyeyushia dawa iwe kidogo mno, na iachwe iruke kabla ya kuchanganya.

4. Unyevu kati ya asilimia 40 na 60 ya maji ambayo udongo unaweza kushika. Pima chupa kwenye mizani, rudisha maji yaliyopungua.

5. Giza, nyuzi 20, hadi siku 120 (mwongozo wa OECD namba 307 wa 2002). Kwa joto la Dar, inkubeta ya kupasha tu haishuki hadi 20. Tafuta yenye kupoza.

6. Mtego wa kostiki soda, wa kunasa kabonidayoksaidi inayotoka dawa ikivunjika. Hapa ndipo kazi za watu huharibikia, someni taratibu. Kostiki inanasa kabonidayoksaidi yoyote, hata ya hewani, kwa hiyo iliyokaa wazi mezani imeshashiba. Tengeneza mpya. Pili, ukiichanganya na kimiminika cha skintilesheni (kinachomulika kikipigwa na mionzi, mashine ikahesabu mimuliko) kostiki inatoa mwanga wake yenyewe, bila mionzi, na mashine itauhesabu kama mionzi. UTAFURAHIA NAMBA ZA UONGO. Acha vichupa gizani, hesabu, hesabu tena mpaka namba zitulie, na daima weka kichupa cha kostiki tupu cha kulinganishia. Tatu, tia bariamu kloraidi: kaboneti (ndiyo kabonidayoksaidi iliyonaswa) itatuama chini. Kama maji ya juu bado yana mionzi, ulichonasa si kabonidayoksaidi peke yake.

7. Kamua udongo kwa kiyeyushi, tenganisha dawa na mabaki yake kwa kromatografia.

8. Udongo uliokamuliwa uchomwe, gesi inaswe, ihesabiwe.

9. Jumlisha vyote: mtego, kilichokamuliwa, kilichochomwa. Upate asilimia 90 hadi 110 ya ulichoweka. Chini ya hapo, kuna kinachovuja.

MASWALI

Mdau_Kimara: Mkuu, naweza kutumia dawa ya duka la pembejeo Kariakoo?
— Haina kaboni-14. Soma aya ya pili.

BintiUdongo: Kaka, shikamoo. Kiuagugu changu, atrazini, kilitoa gesi mapema nikaandika kwamba pete (atomi zilizofungana duara katikati ya molekuli) imevunjika. Msimamizi amekataa.
— Marahaba dada. Alama yako, yaani kaboni-14, iko sehemu gani ya molekuli? Kama ni kwenye mkia wa ethili, vijidudu vimekula mkia na pete ipo palepale. Kusema habari za pete unahitaji alama ndani ya pete. Glifosati nayo hivyohivyo: ukitaka kuifuata AMPA (kinachobaki glifosati ikivunjika), alama iwe kwenye kaboni iliyo jirani ya fosforasi, ikiwa upande wa glisini, AMPA itapita bila kuonekana. Swali zuri sana hili.

Fundi_Maabara: Unatisha watu. Mionzi ya beta ya kaboni-14 hata glavu inazuia karibu yote.
— Nimemtisha nani? Ni dhaifu kweli, nishati yake keV 156 kwa juu kabisa. Udhaifu huohuo ndio tatizo: kaunta ya Geiger inaisikia kwa shida, ukimwaga hujui. Pangusa meza kwa karatasi ya chujio, ihesabu kwenye skintilesheni. Nusu uhai wake ni miaka 5,730, haitaisha yenyewe kabla hujamaliza shahada.

BintiUdongo: Na tusio na kibali?
— Kaboni-13. Haina mionzi, ila unahitaji spektrometa ya masi ya isotopu. Ina faida yake: ukiikuta kwenye asidi amino za udongo, ujue sehemu ya "mabaki yaliyoganda" (yale yasiyotoka udongoni hata ukikamua) ni miili ya vijidudu tu, si sumu iliyojificha.

Mdau_Kimara: Umeme ukikatika usiku?
— Weka kipimajoto kinachojirekodi, ripoti joto lilivyokuwa. Usifiche.

Fundi_Maabara: Nyongeza: marka inafutika kwa asetoni. Andikeni kwa penseli kwenye tepu ya karatasi.
— Hapo tumeelewana, mkuu. Na tepu ibandikwe kwenye chupa, siyo kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.