Kabla ya kupanda mnara wa Old Kampala: mambo ya kuzingatia kwa anayetoka Goma

Wengi wetu tunaotoka Goma kwenda Kampala huenda kwa shughuli: bidhaa za soko la Kikuubo, matibabu, masomo ya mtoto, au ndugu aliyehamia Katwe au Nsambya. Katikati ya shughuli hizo hupatikana siku moja isiyo na kazi, na mara nyingi siku hiyo huishia kitandani hotelini, simu mkononi. Maelezo haya ni kwa ajili ya siku hiyo. Yanahusu mnara wa Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, ulio juu ya kilima cha Old Kampala, ambao mgeni wa dini yoyote anaruhusiwa kuupanda kwa miguu yake, bila wakala wala gari la kukodi, na kuutazama mji kutoka juu. Kupanda kwenyewe, pamoja na kuzungushwa ndani ya msikiti, kunaweza kumalizika katika muda wa asubuhi moja na bado mtu akabaki na nafasi. Yanayoiharibu ziara hiyo karibu yote hutokea kabla mtu hajafika langoni, na baadhi yake hutokea kabla hajavuka bariere ya Gisenyi, yaani mpaka wa kuingia Rwanda.

Tuanze na hati. Wakaazi wa Goma tumezoea kuvuka kwa jetoni (kikaratasi cha kupitia mpakani), kwa kadi ya kura au kwa kibali cha CEPGL, na mazoea hayo humsahaulisha mtu kwamba kila hati ina mahali inapoishia. CEPGL ni jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi. Uganda haimo, kwa hiyo kibali chake kitakufikisha Kigali lakini si hati ya kutegemea kwenye mipaka ya Gatuna wala Cyanika, pa kuingilia Uganda. Beba pasipoti, na uitazame tarehe ya mwisho wake mapema, maana kuipata mpya si kazi ya wiki moja. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo masharti ya viza kati yetu na Uganda yamelegezwa. Hata hivyo, kwa kuwa mambo ya mpakani huweza kugeuka kwa tangazo la siku moja, muulize mtu aliyepita wiki hii, usimuulize aliyepita mwaka jana. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Anayesafiri na mtoto asiye wake awe na barua ya ruhusa ya wazazi, kwa sababu hakuna askari wa mpakani atakayeridhika na neno "ni mtoto wa dada". Na kwa kuwa njia inapita Rwanda, ambako mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, chakula cha njiani kifungwe kwa karatasi au kiwekwe kwenye kapu.

Kutoka Gisenyi hadi Kigali ni kilomita 160 hivi, na kutoka Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, hadi Kampala ni zaidi ya 500. Mabasi mengi ya sehemu hii ya pili husafiri usiku na kuingia Kampala kunapopambazuka, na anayeshukia upande wa Kisenyi hujikuta chini kabisa ya kilima chenyewe, mnara ukimtazama. Hapo ndipo kishawishi kinapoanza: kwa nini nisipande sasa hivi, halafu nikatafute pa kulala? Sishauri hata kidogo. Miguu iliyokunjwa usiku kucha imevimba, begi halina pa kuachwa, na mtu aliyelala kwa kusinziasinzia huko Mbarara hatauona mji hata akipelekwa juu yake. Pumzika siku nzima, oga, lala, kisha upande kesho yake. Ukumbuke pia kwamba Kampala iko mbele ya Goma na Kigali kwa saa moja. Simu isiyokamata mtandao wa Uganda itaendelea kuonyesha saa ya nyumbani, na mtu aliyepanga kufika msikitini saa nne kwa saa ya Goma atafika saa tano, jua likiwa limepanda na swala ya adhuhuri ikikaribia.

Kuhusu fedha nitasema machache. Faranga za Kongo zibadilishwe Goma au Gisenyi, kwa sababu Kampala ni vigumu kumpata wa kuzipokea. Dola ziwe noti mpya, safi, za thamani kubwa. Maduka ya kubadilisha fedha huko hukataa noti za matoleo ya zamani na hulipa bei ya chini kwa zile za dola moja, tano au kumi. Msikitini kuna kiingilio, ambacho hulipwa ofisini karibu na lango na ambacho kwa mgeni ni kikubwa kuliko kwa Mganda. Ulizia bei yako kabla ya kutoa pochi, na uwe na shilingi zilizovunjwa.

Siku na saa vinahitaji kufikiriwa kuliko vyote. Ijumaa uiondoe kabisa katika hesabu. Swala ya Ijumaa huukusanya umati wa maelfu, barabara zinazopanda kilimani hujaa, na mgeni wa kutalii siku hiyo anakuwa kizuizi kwa watu waliokuja kuswali. Siku za Idi ni vivyo hivyo. Katika mwezi wa Ramadhani ziara inawezekana, lakini anayekuongoza huenda amefunga tangu alfajiri na bado anapanda ngazi pamoja nawe. Mwendee asubuhi, na usinywe maji mbele yake. Siku za kawaida, adhuhuri ya Kampala huingia kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, kwa hiyo anayefika kati ya saa tatu na saa nne asubuhi ana muda wa kutosha bila kumharakisha mtu. Jumapili nayo ni nzuri kwa anayeweza kuipata, kwani magari ya katikati ya mji hupungua.

Asubuhi ina faida nyingine mbili. Jua likiwa mashariki, vilima vya upande wa magharibi, ambavyo ndivyo vyenye mengi ya kuonwa, huwa vimeangazwa vizuri. Pia mvua kubwa na radi katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba, mara nyingi huja baada ya mchana, na mnara mrefu juu ya kilima si mahali pa kusubiria radi ipite. Ukiamka ukakuta mvua ilinyesha usiku na anga limetakata, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ulipanga kesho: vumbi na moshi vinakuwa vimeoshwa hewani, na unaweza kuona hadi Ziwa Victoria. Katika miezi ya kiangazi ukungu wa vumbi huweza kulifuta ziwa lote.

Mavazi yanafuata. Hapa kina mama wa Goma wana nafuu, kwa sababu kikwembe (kitenge) kilichofika kwenye kifundo cha mguu, pamoja na kitambaa cha kichwa, tayari kinakidhi sehemu kubwa ya masharti. Kinachowakwamisha ni blauzi ya mikono mifupi au yenye shingo pana. Wasiokuja na nguo ya kutosha hupewa ya kujifunika pale pale mlangoni: mhudumu huizungusha kiunoni juu ya suruali, akaifunga fundo pembeni, kisha akachukua ya pili na kuipitisha kichwani na mabegani, akiibana chini ya kidevu. Nguo hizo zimevaliwa na wengi kabla yako, na fundo lililofungwa na mtu mwingine hulegea katikati ya ngazi, mahali ambapo mikono yote miwili inahitajika. Beba kikwembe chako na ukifunge mwenyewe. Wanaume wavae suruali ndefu, kaputula haifai. Viatu huvuliwa kabla ya kukanyaga zulia, kwa hiyo vya kuchomoa ni bora kuliko vya kamba, na soksi zisiwe zile zenye dole linalochungulia.

Ngazi za mnara zinakaribia 300, nazo zinapanda kwa kuzunguka. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na Kampala iko chini yetu kwa karibu mita 300, kwa hiyo pumzi si tatizo kwa mtu wa huku. Tatizo ni joto, magoti, na kizunguzungu kinacholetwa na kule kuzunguka. Aliyewahi kupanda Nyiragongo asijivune, maana mlimani unaweza kuketi juu ya jiwe popote, ilhali katika ngazi nyembamba unapishana na watu wanaoshuka na huwezi kusimama utakavyo. Mwenye shinikizo la damu, mjamzito na anayeogopa vimo wabaki ukumbini bila aibu yoyote, kwa kuwa ukumbi wenyewe ni mkubwa na wa kupendeza vya kutosha. Watoto wadogo washikwe mkono upande wa ndani wa mzunguko au upande wa ukuta, kulingana na mahali palipo pa kushikilia, wala wasiachwe watangulie. Chakula kibaki hotelini. Msalani uende kabla ya kuanza kupanda.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliandai ni kujua watakachokiona. Bila maandalizi hayo, juu ya mnara kuna mabati na minara ya simu tu, picha tatu, kisha kushuka. Ndiyo maana nasema soma kidogo usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwenye kilima hiki Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza alijenga ngome yake Desemba 1890, akiitazama Mengo ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, ng'ambo ya kusini. Magharibi, karibu sana, ni Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana lenye kuba na matofali mekundu, lililokamilika mwaka 1919. Kusini magharibi ni Rubaga ya Wakatoliki, yenye minara miwili, iliyowekwa wakfu mwaka 1925. Kusini mashariki ni Kibuli, kilima cha Waislamu tangu zamani. Kaskazini ni Makerere, chuo cha mwaka 1922. Mashariki ni Nakasero yenye ofisi na hoteli, na nyuma yake Kololo. Kila dini ilishika kilima chake, na Januari 1892 wafuasi wa vilima hivyo walipigana vita vya kweli, Lugard akiingilia kati kwa bunduki zake za Maxim kutoka hapa hapa unaposimama, na upande wa Wakatoliki ukashindwa. Ukishajua hayo, macho yanakuwa na pa kutua.

Msikiti wenyewe una historia isiyonyooka. Ulianzishwa enzi za Idi Amin, ukakwama alipoanguka mwaka 1979, ukaja kumalizwa kwa fedha za Libya, na Gaddafi mwenyewe akauzindua Machi 2008. Uliitwa kwa jina la Gaddafi, nalo likaondolewa baada ya kifo chake, lakini dereva wa boda akikosa kukuelewa, sema msikiti wa Gaddafi na atawasha pikipiki mara moja. Ndani, mwongozaji ataorodhesha mahali kila kitu kilikotoka, vioo vya rangi kutoka Italia na mbao kutoka Kongo. Muulize Kongo ipi, ya msitu gani. Ni haki yetu kuuliza.

Neno moja kuhusu lugha: Kifaransa hakitakusaidia, na Kiswahili, ingawa ni lugha rasmi ya Uganda, si kila Mganda anakifurahia. Salamu ya "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke hufungua mazungumzo, na baada ya hapo mtaelewana. Usafiri nao una mtego wake mdogo, kwani taksi huko ni basi dogo la abiria 14, jeupe lenye miraba ya buluu ubavuni, na bei ya boda hupatanwa kabla ya kupanda, kama unavyofanya na motari (dereva wa pikipiki) wa Birere kwetu Goma. Anayelala karibu na Kikuubo anaweza kufika kwa miguu, mradi simu iwe mfuko wa mbele anapopita penye msongamano wa kituo cha taksi. Juu mnarani piga picha za mji upendavyo, ila usivute karibu askari, kambi wala majengo ya serikali, na ukumbini omba ruhusa kwanza kabla ya kupiga picha ya mtu anayeswali.

Mwisho ni hesabu ya kurudi, ambayo ifanywe kabla ya kukata tiketi ya kwenda. Saa za kufunga bariere kati ya Gisenyi na Goma zimebadilika mara kadhaa kutokana na hali ya usalama, na anayefika Gisenyi jioni huenda akalazimika kulala huko kwa gharama asiyoipanga. Chagua basi la usiku litakalokufikisha Kigali asubuhi, upande gari la Gisenyi papo hapo Nyabugogo, na uwe bariere mchana, ukiwa na pasipoti mkononi na shilingi zilizobaki umeshazibadilisha Kampala.