Kabla ya masika, jua maji yanapita wapi

Dalali hakupeleki kuona chumba cha bondeni mwezi wa nne. Atakupeleka Agosti au Septemba, jua linawaka, mto Msimbazi umebaki kijito cheusi unachoweza kukiruka, na kodi iko chini kuliko kule juu barabarani. Kwa hiyo ukitaka kujiandaa na mafuriko Dar es Salaam, anza siku unayotafuta chumba au kiwanja, kabla hujatoa hata senti.

Dari iache kwanza, angalia kuta. Rangi mpya iliyoishia usawa wa kiuno huku juu imebaki ya zamani, lipu iliyovimba na kumenyuka chini, soketi zilizopandishwa hadi usawa wa kifua, kizingiti kirefu ambacho mtoto hawezi kukivuka, kitanda cha jirani kikiwa juu ya matofali: humo maji yameshaingia, na wanaoishi humo wanajua yatarudi. Mwenye nyumba atakwambia ilikuwa mwaka mmoja tu. Muulize mama anayekaanga vitumbua pale kona. Yeye hana kodi ya kupoteza, atakuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, ukishuka unapokea mito ya Ubungo, Luhanga na Sinza, halafu unamwaga baharini karibu na daraja la Salenda. Kabla ya kufika huko unapita Jangwani, bonde tambarare ambalo mto wenyewe umelitengeneza kwa kutanda humo miaka na miaka. Maji yakijaa Jangwani hayajapotea njia. Sisi ndio tuliojenga humo, tukaweka na kituo cha mabasi ya mwendokasi, ambacho kimeshafurika mara nyingi kiasi kwamba habari hiyo haimshangazi mtu tena.

Kilichobadilika ni kasi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000, yaani matenki matano ya lita elfu moja. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ingezama ardhini au kukawia kwenye majani ya mashamba ya Kimara na Kinyerezi. Leo huko kote ni mabati, lami na vitofali vya uani, na maji yote yanateremka kwa pamoja. Njiani yanazoa udongo wa viwanja vilivyokatwa mlimani na kuushusha kwenye mto, kina cha mto kinapungua, na taka zinamalizia kazi kwenye makalavati. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Ukishaelewa hilo, utajua kwamba anga la juu ya paa lako si kipimo. Jangwani na Kigogo maji huja hata siku ambayo hapo hapajadondoka tone, kwa sababu imenyesha Pugu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri, soma umetaja mikoa gani, na Pwani usiipite, maana Kisarawe iko huko. Soma pia ngazi yenyewe: angalizo si sawa na tahadhari, na tahadhari kubwa si taarifa ya kusambaza kwenye kundi la WhatsApp halafu mtu ukalala. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na miaka ya El Nino vuli inaweza kuwa mbaya kuliko masika.

Jambo ambalo watu wa bara hulisahau ni bahari. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya bahari hujaa sana, na kwa pwani yetu kilele chake huwa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Mvua kubwa ikikutana na saa hizo, mto hauna pa kumwagia. Unarudi nyuma na kutanda. Wavuvi wa Feri wana hesabu hiyo kichwani. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, mvua ileile inaweza kupita bila kishindo.

Mifereji ya mtaa izibuliwe Februari. Kuzibua wakati mvua inanyesha ni kuhamisha taka kutoka kwako kwenda kwa jirani wa chini, na tope likilundikwa ukingoni mwa mfereji litarudi humohumo na mvua ya kwanza, kwa hiyo serikali ya mtaa ipange gari la kulizoa kabla watu hawajashika majembe. Kumwaga kifusi ili kuinua kiwanja nako kuna hesabu yake: kwako panakauka, maji yanaenda kwa mwenzako. Na wanaosubiri mvua ili watapishe choo nadhani wanajijua. Maji hayo ndiyo watoto wa mtaa wa chini wanayapita kwa miguu mitupu kwenda shule, na kipindupindu hakiulizi choo kilikuwa cha nani.

Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kama unanunua kiwanja, pima kwa futi kamba, usipime kwa maneno ya muuzaji. Bonde la chini la Msimbazi lina mradi mkubwa, ambao Benki ya Dunia iliupitishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022: kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi. Naona ni wazo sahihi, ila halitaukausha mtaa wa Ubungo wala Sinza ambao mfereji wake umejaa chupa. Mpangaji wa maeneo ya mradi aulize ofisi ya mtaa kama nyumba imeshathaminiwa, asije akalipa kodi ya miezi sita kwenye ukuta unaosubiri kuvunjwa.

Kwa aliye bondeni tayari, na wengi wetu tupo kwa sababu ya mfuko, yabaki ya ndani. Vyeti, kitambulisho cha NIDA, kadi ya kliniki ya mtoto na dawa za kila siku viwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi moja, begi litundikwe juu. Elewaneni mapema ni ndugu gani wa mlimani mtafikia kwake, na nani atambeba bibi asiyeweza kutembea. Saa nane za usiku si wakati wa kujadiliana. Simu iwe na chaji, namba ya Zimamoto ni 114. Kila mtu ndani, hata binti wa kazi, ajue swichi kubwa ilipo na aizime kabla maji hayajagusa soketi ya chini kabisa. Maji yakishafika hapo, aiache na atoke. Mtungi wa gesi ufungwe valvu, uchomolewe regulata, ufungwe kamba kwenye nondo ya dirisha, kwa kuwa ukibaki sakafuni utaelea na kugonga ovyo. Nje, maji yanayokwenda kasi yakizidi kifundo cha mguu yanatosha kumwangusha mtu mzima, na huwezi kuona mfuniko wa chemba uliofunguka chini yake. Pitieni njia ya juu hata kama ni ndefu, na iwe njia mliyokwisha kuipita mchana na watoto.