Jinsi ya kusimama na mtu mwenye ulemavu wa akili akishikwa na polisi (Kenya)

Kabla hujajitolea ujue hivi, mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kukubali kila kitu. Kijana mmoja wa mtaani kwetu nilimpata kituoni amekaa kwa benchi anakunja na kukunjua kofia yake, anaulizwa "ulichukua simu?" anasema ndio afande. Nikamuuliza mimi pole pole, "kwa hivyo hukuchukua?" Akasema ndio pia. Alitaka tu maswali yaishe aende nyumbani, na hiyo "ndio" ikishaandikwa kwa stetimenti kuitoa ni kazi kubwa sana.

Ukifika kituoni salimia vizuri, uliza OB namba (namba ya ripoti kwa kitabu cha matukio cha kituo), anashukiwa kufanya nini na alishikwa saa ngapi, andika yote, manake korti anafaa kufikishwa ndani ya masaa 24, isipokuwa yakiishia wikendi. Wakikuambia wewe si wakili, waambie kwa heshima kwamba Katiba kifungu cha 49 inampa haki ya kuwasiliana na wakili na pia watu wengine ambao msaada wao unahitajika, na wewe ndio hao wengine. Kama ana kadi ya ulemavu ama barua ya daktari peleka kopi, original ibaki na mamake.

Wakitaka akiri, hapo kaa macho. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri kwa polisi hakukubaliki kortini mpaka iwe mbele ya afisa wa cheo kinachotakiwa na sheria, asiwe yule anayechunguza kesi, na awepo mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe. Huyo mtu wa tatu anaweza kuwa wewe.

Kuongea naye sasa. Sentensi fupi, swali moja, halafu unyamaze, mimi huhesabu hadi kumi kwa roho. Usimuulize "umeelewa?" manake jibu unalijua tayari, mwambie "hebu niambie nimesema nini". Usimjibie na usimfundishe cha kusema. Na tafadhali usimchimbe ilikuwaje, mazungumzo yake na wakili ni siri lakini yenu nyinyi wawili si siri, unaweza kuitwa useme alichokuambia. Wakili kama familia haina pesa waulize huduma ya taifa ya msaada wa kisheria, ilianzishwa na sheria ya 2016.

Kortini kifungu cha 50(7) kinaruhusu mtu wa kumsaidia kuwasiliana, awe mshtakiwa ama mlalamishi, lakini hakimu ndiye anakubali, kwa hivyo wakili ama prosekyuta aiombe mapema. Aliyenajisiwa naye, sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inamlinda, anaweza kutoa ushahidi kupitia msaidizi ama kwa faragha. Mimi humpeleka mtu aone chumba kikiwa tupu, hapa utasimama, pale atakaa hakimu, akizoea hatetemeki sana.

Halafu tarehe. Akiwa nje kwa bondi na akose kortini anatolewa waranti ya kukamatwa, hata kama alisahau tu. Tarehe ya menshen (siku kesi inatajwa kortini) tunaizungushia kalamu nyekundu kwa kalenda ya ukutani kwao, na jioni kabla ya siku yenyewe napita kuona kama shati limefuliwa na nauli ipo.