Lugha na Fasihi ya Kiingereza katika A-Level: usiandike insha mbili ndani ya moja

Kosa linalowagharimu wengi katika somo hili la A-Level, ngazi ya mwisho ya sekondari nchini Uingereza, ni kutenganisha kilichounganishwa: aya moja ya nomino na vitenzi, inayofuata ya wahusika na dhamira. Mtahini anataka kuona isimu ikifanya kazi ndani ya fasihi.

Anza na athari. Msomaji anajua nini hapa, na anafichwa nini? Kisha tafuta umbo la lugha linaloleta athari hiyo, litaje kwa istilahi yake na unukuu maneno matatu au manne tu. Tuseme msimulizi anasema “The gate was locked”. Ukiandika kwamba hiyo ni kauli ya kutendwa ukaishia hapo, hujachambua kitu. Mtenda ametoweka, kwa nini? Msimulizi akiwa mtoto, huenda hajui nani alifunga. Akiwa ndiye aliyefunga, anakwepa lawama. Ni umbo lilelile, ila maana mbili, na kinachoamua ni muktadha.

Mazungumzo halisi yaliyonakiliwa yana kanuni zake. Nambari iliyo kwenye mabano, kama (2.0), ni sekunde za kimya, nukta peke yake ndani ya mabano, (.), ni kituo kifupi sana. Angalia nani anamkatiza nani na nani anabadilisha mada. Kusitasita na kurudia maneno usikuite kasoro: ndivyo watu wanavyosema. Katika tamthilia, kinyume chake, hata kigugumizi kimepangwa na mwandishi, kwa hiyo uliza kimewekwa pale kwa kazi gani.

Mitihani hubeba asilimia 80, kazi ya nje ya mtihani 20. Malengo ya tathmini ni matano: mbinu na istilahi, uundaji wa maana, muktadha, ulinganishaji, ubunifu. Si kila swali linapima yote, kwa hiyo soma mwongozo wa bodi yako ya mitihani kabla ya kukariri lolote. Wengine hujaza historia ya mwandishi kwenye swali ambalo halina hata alama moja ya muktadha!

Muda ugawe kwa alama. Karatasi ya alama 100 kwa dakika 180 inalipa swali la alama 25 dakika 45, kusoma na kupanga humohumo.

Kwenye uandishi wa kubuni, maelezo yanayoambatana nao ndiyo huharibika, kwa sababu mwanafunzi husimulia upya alichoandika. Eleza uamuzi: kwa nini nafsi ya kwanza, kwa nini wakati uliopo, na ungepoteza nini kama ungechagua vingine.