Kizimba cha chinchila: anza na sakafu

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu tulifuga sungura, na banda nililipigilia misumari mwenyewe. Kwa hiyo binti yangu alipomleta chinchila, mnyama mdogo mtafunaji wa jamii ya panya, nyumbani kwetu hapa Columbus, Ohio, niliona kizimba cha dukani kinatosha kabisa. Wiki ya pili, usiku wa manane, tukasikia kilio. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umezama katikati ya waya za sakafu, naye anajivuta kwa nguvu zote. Bahati yake haukuvunjika, maana mifupa ya mguu ule ni myembamba kama njiti.

Basi anza chini. Funika waya zote kwa mbao za msonobari zilizokaushwa kwenye tanuri, zisizo na rangi wala dawa. Plaiwudi iache, ina gundi, na huyu atatafuna kila kitu, meno yake hayaachi kukua. Mwerezi, mcheri na mplamu usiviingize kabisa. Kwa matandiko, randa za mwerezi nazo hapana.

Kisha ng'oa plastiki yote: vibaraza, ngazi, nyumba ya kulalia. Vipande akivimeza vinaweza kumziba utumbo. Vibaraza vipya nilivikata kwa mbao zilezile nikavipanga kwa zamu, kushoto na kulia, ili akiteleza asiporomoke hadi chini. Skrubu ingia nayo kutokea nje, uweke washa pana (kile kipete bapa cha chuma), na ncha iishie ndani ya mbao. Gurudumu liwe la chuma, uso wake mzima bila mianya, kipenyo cha kama inchi 15. Nafasi kati ya waya za ukutani mimi siruhusu izidi nusu inchi.

Waya za umeme zisogeze mbali. Ya taa yetu aliivuta ndani kupitia upenyo, tukaikuta imemenywa hadi shaba inaonekana.

Joto ndilo lililonisumbua zaidi, kwa sababu mtu wa pwani nyuzi 28 kwake ni raha. Chinchila asili yake ni milima ya Andes, manyoya yake ni mazito ajabu, na hatoki jasho. Ikipita nyuzi 25 yuko hatarini. Feni haimsaidii, inatupepea sisi tu. Toa kizimba dirishani, washa kiyoyozi, na umwekee kigae cha granaiti alalie tumbo.

Mwisho, chukua soksi kuukuu, ivae mkononi, uipitishe taratibu kila pembe ya ndani. Inaponasa, pana ncha ya waya: piga tupa hapo hapo. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi. Juzi ilinasa kwenye komeo la mlango, mahali ambapo yeye husimama kila jioni akinisubiri na nyasi zake.